Billa Offermann na Tai Isiyokatwa

Wifi yangu Billa Offermann alikuwa na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto Rhine, na mtu akasikia, na akaja. Sitii chumvi. Mwulizeni yeyote wa Uferbach aliyezaliwa kabla ya vita. Amekwisha kufa sasa, Mungu amlaze pema, na padri aliyemzika alikuwa kijana mgeni, akamwita kaburini "mwanamke mnyenyekevu". Tukatazamana. Mume wangu Pitter, ambaye ndiye mdogo wake wa mwisho, ilibidi akohoe ili asicheke mbele ya jeneza. Mnyenyekevu! Billa? Nimeona niseme mwenyewe, maana nikimwachia padri, wajukuu watakua wakidhani bibi yao alikuwa kondoo.

Siku niliyoolewa alinishika kidevu, akanitazama juu mpaka chini mbele ya wageni wote. "Nettchen," akasema, "umechukua mvivu kuliko wote nyumbani kwetu. Usije ukaturudishia."

"Nikimrudisha," nikamjibu, "nitamrudisha amefuliwa."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo tukawa wifi na wifi wa kweli, tukaloweka nguo kwenye pipa moja karibu maisha yote.

Uferbach ni mji wa madobi. Ng'ambo wana maprofesa, mahakimu na makanisa marefu. Sisi huku tuna sabuni. Shuka za hoteli zao, kola za mahakimu wao, nguo za ndani za wake wa maprofesa wao, zote zilivuka kwa kivuko Jumatatu zikinuka na zikarudi Ijumaa zimenyooka. Ndiyo maana hatuwaogopi. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na ya hakimu aijuaye ni dobi. Tulichemsha kwenye masufuria ya shaba, tukasuuza mtoni hata barafu ikiwa kingoni, kisha tukatandaza kitani kwenye kiwanja kikubwa cha majani kando ya mto na kukinyunyizia maji. Jua likikipiga kikiwa kimelowa kinakuwa cheupe mpaka macho yanauma. Kiwanja kile ndicho kilichokuwa ugali wetu, kama mnavyosema ninyi. Bila majani na jua, dobi wa Uferbach ni mwanamke mwenye mikono myekundu tu.

Na wanaume? Wanaume walipeleka matita ng'ambo, wakarudi wamekunywa nauli na nusu ya malipo. Ndipo bibi zetu wakakata shauri, zamani sana, kwamba siku moja kwa mwaka mji ni wetu. Siku hiyo ni Alhamisi ya kanivali, ya mwisho kabla ya Kwaresima. Madobi wote tunavaa kofia nyeupe na aproni, tunavamia jumba la meya, tunamnyang'anya ufunguo, na kuanzia hapo hadi usiku neno la mwanamke ndilo sheria. Tunatembea na mikasi. Mwanaume yeyote mwenye tai tunamkata tai yake, chwap! katikati ya kifua, halafu tunampiga busu. Kipande unakwenda nacho nyumbani, unakitundika jikoni juu ya jiko, kinakaa hapo mwaka mzima kama picha ya ndugu. Na ndivyo ilivyo: kukatwa tai ni kuambiwa wewe ni wetu. Mgeni haguswi. Mwanaume wa hapa akirudi nyumbani Alhamisi ile na tai nzima, mkewe humwuliza, "Umefanya nini wewe?"

Mkuu wa madobi ndiye humkata meya na wakubwa wengine, juu kwenye roshani, mji wote ukitazama. Miaka mingi mkuu alikuwa Billa. Nani mwingine?

Sasa nije kwa huyo Lohkamp.

Ewald Lohkamp aliingia mjini kwetu kijana mwembamba, karani kwenye benki ya mzee Julius Hirtz. Mzee Hirtz alikuwa Myahudi, mtu wa Uferbach kutoka babu na babu, tai yake ilikatwa kila mwaka na bibi zetu walipigania kipande. Alimpenda yule kijana. Alimfundisha kazi, akampandisha, akamkalisha mezani kwake. Basi Wanazi waliposhika nchi, Lohkamp akabandika beji ya chama kwenye koti mapema, kabla hata ya mkuu wa polisi. Hakuvaa buti, hakumpiga mtu, hakupiga kelele. Yeye alikuwa na marafiki tu. Alikula nao paa na mvinyo, akawakopesha wenye viwanda vyao, na mwaka wa thelathini na nane, Wayahudi walipokatazwa kuwa na chochote, marafiki wale wakahakikisha kwamba benki ya Hirtz, nyumba ya Hirtz na ardhi ya Hirtz vinauzwa kwa mtu mmoja, kwa bei ya mbuzi mgonjwa. Mtu huyo mmekwisha kumjua. Na kile kiwanja chetu cha majani kilikuwa cha Hirtz, kikahamia kwake pamoja na mengine. Mzee alikuwa akituachia bure. Alichotaka ni tumfulie mapazia ya benki kila Pasaka. Lohkamp naye akatuacha, nadhani kwa sababu hakujua la kukifanyia.

Bi. Rosalie, mke wa mzee Hirtz, ndiye aliyekuwa mteja wa Billa. Walikuwa wakigombana kuhusu wanga wa foronya tangu Billa ana mimba ya kwanza. "Billa, hizi zimekakamaa kama ubao!" "Bibi, ukitaka kulala laini lalia bata!" Na kahawa wanakunywa pamoja jikoni. Mwaka wa arubaini na mbili wazee wale wawili, waliokuwa wameachiwa chumba kwenye nyumba yao wenyewe, walipelekwa stesheni pamoja na wengine, treni ikaelekea mashariki, hawakurudi. Binti yao Ilse tu ndiye aliyewahi kukimbilia Argentina. Vyombo vyao vilipigwa mnada uani. Mji ulikwenda. Mnanitazama nini? Ulikwenda, na mikokoteni.

Wiki iliyofuata lilikuja tita la nguo kutoka nyumba ile. Bi. Hedwig, mke wa Lohkamp, alikuwa ameingia nyumba yenye makabati ya nguo ambayo mnada haukuyagusa. Billa alilifungua akakuta shuka za Bi. Rosalie, zile zile, na herufi R na H zimetariziwa pembeni. Billa akakaa chini. Mimi sikuwahi kumwona Billa amekaa saa za kazi. Na ndani ya tita kulikuwa na maagizo: herufi zifumuliwe. Akainuka, akalifunga tita, akalisukuma kwa mkokoteni hadi mlangoni pa Bi. Hedwig.

"Mimi nafua, bibi," akamwambia. "Sifumui."

"Ni uzi tu, Billa."

"Basi fumua mwenyewe, si ni uzi tu."

Hakufua tena nguo ya Lohkamp hata soksi. Wakati ule hilo lingeweza kumfikisha pabaya, na nilipomsifu alinikatiza. "Usinipambe, wifi. Siku wanapita kwenda stesheni nilikuwa barabarani na kapu langu. Bi. Rosalie alinitafuta kwa macho. Nikainama, nikajifanya nimeangusha kibanio. Hilo nalo useme ukinisifu." Basi nalisema.

Vita vikaisha. Waingereza wakamweka Lohkamp ndani miezi kadhaa, akarudi suruali zinamvuka. Kukawa na kamati za kuwapima watu, nani alikuwa Mnazi kiasi gani, na majirani wakatakiwa kutoa ushahidi. Mmoja akasema Lohkamp alikuwa akisalimia vizuri. Mwingine akasema aliwahi kumpa lifti ya gari kwenye mvua. Kamati ikampa daraja la wasindikizaji, yaani waliofuata mkumbo tu. Msindikizaji! Mtu aliyekuwa amekalia gari na kushika hatamu! Kabla majivu hayajapoa akawa amerudi kwenye kiti cha benki, na suruali zikaanza tena kumbana.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Januari ya mwaka wa hamsini Lohkamp alikuja kwenye banda letu la kufulia, kofia mkononi, viatu vya kung'aa kwenye maji ya sabuni. Tulikuwa wengi mle, mvuke umejaa.

"Bi. Offermann," akasema, "habari za kazi?"

"Kazi haijambo. Inatushinda kwa uchafu tu," Billa akajibu bila kuinua kichwa. Trina Kürten, aliyekuwa akikamua shuka na mimi, akanikanyaga mguu nisicheke.

Lohkamp akatabasamu. Akasema anajua tunavyokitegemea kiwanja. Akasema kuna mjenzi kutoka ng'ambo anakitaka, analeta hela nzuri, lakini yeye ana moyo na watu wa hapa. Yuko tayari kuwaandikia madobi kiwanja kile kwa mkataba, mbele ya wakili, miaka ishirini, bila malipo.

"Na sisi tukupe nini?" Billa akauliza.

"Kitu kidogo. Hakigharimu. Alhamisi ya kanivali, kwenye roshani, baada ya meya, unikate tai. Wapiga picha wa magazeti watakuwepo. Tangu vita mmekuwa mkinipita, nadhani ni bahati mbaya tu."

Kumbe! Billa akaweka chini ubao wa kufulia. "Na ukishakatwa?"

Akatafuta maneno. Hakuyapata yaliyo bora, akasema kweli. Ilse Hirtz alikuwa amefungua kesi kutoka Argentina, anadai nyumba na benki ya baba yake. Uchaguzi wa baraza la mji nao unakuja. "Watu ni wepesi wa kusema," akasema. "Lakini wakiona Uferbach yenyewe imenikata tai, nani atasema mimi si mtu wa heshima hapa?" Akavaa kofia. "Nisipokatwa, basi nitajua sina deni la moyo kwa mtu, na mjenzi atakuja na seng'enge."

Alipotoka banda lililipuka. Wengine walimtukana, wengine walianza kuhesabu watoto wao. Trina ndiye aliyesema wazi. Mumewe alibaki Urusi vitani, watoto wanne, na mdomo hakuazima.

"Kata, Billa," akasema. "Unangoja nini? Ni kitambaa tu."

"Kama ni kitambaa tu, mbona anakitolea kiwanja?"

"Sijali anakitolea nini! Wewe una mume, una ua mkubwa wenye jua. Mimi nikikosa pa kuanika, nitaanika nini? Watoto?"

"Trina, shoga yangu..."

"Usiniite shoga! Niambie utakata."

Billa akaokota ubao wake wa kufulia. Alirudi kwenye pipa, akafua kwa nguvu mpaka maji yakaruka ukutani, na wiki zote zilizofuata kila aliyemwuliza alijibiwa, "Alhamisi bado." Hata mimi. Nilimwona tu siku moja amesimama peke yake kiwanjani, baridi kali, majani yamelala, amejifunga shali. Nikajua anakihesabia gharama.

Alhamisi ikafika na mvua ya rasharasha, mvua ambayo mtu wa Rhine haihesabu siku ile. Tulianzia sokoni, kofia nyeupe, pua nyekundu, ngoma na tarumbeta mbele. "Alaaf!" tunapiga kelele, salamu yetu ya kanivali, "Alaaf!" wanaitikia madirishani. Maandazi ya jamu yanarushwa, pombe kali inapita kwenye vikombe vidogo vya kuwekea yai. Mwuza nyama alijificha ndani ya duka lake mwenyewe, tukamtoa nyuma ya nusu ya nguruwe na tai yake tukaikata. Meya Krings alisimama mlangoni na ufagio, anajifanya kutulinda tusiingie. "Rudini kwenye mapipa yenu, wachawi!" Billa akamnyang'anya ufagio akamchapa nao matako, mji ukalia kwa kicheko, na ufunguo ukawa wetu.

Roshani ya jumba la meya ni nyembamba. Nilikuwa nyuma ya Billa, nimeshika kapu la vipande. Chini uwanja umejaa mpaka kwenye ngazi za kanisa. Akamkata meya, busu. Akamkata daktari, busu, na daktari akaomba jingine, akapata kofi. Akamkata mkuu wa zimamoto. Kisha Lohkamp akasogea mbele.

Alikuwa amevaa tai ya hariri ya kijivu, mpya, unaona mikunjo ya dukani bado. Akaweka mikono nyuma, akainua kidevu kama mtu kwa kinyozi. Mpiga picha akapiga goti. Na kelele zile zote zikapungua, zikapungua, kwa sababu hakuna aliyekuwa hajui. Nilimwona Trina chini, uso umelowa mvua, midomo inacheza. Alikuwa anaomba.

Billa akaishika tai kwa mkono wa kushoto. Mkasi ukafunguka.

Akaufunga mkasi. Akauning'iniza kwenye mkanda wa aproni. Halafu kwa mikono yake miwili ile myekundu akaikaza tai ya Lohkamp vizuri shingoni, akainyoosha, akaiingiza ndani ya kizibao, akamfunga koti kifungo kwa kifungo, kama unavyomwandaa mtu anayesafiri.

"Bwana Lohkamp!" akasema, na sauti ile, ile niliyowaambia, ikaenda mpaka mtoni. "Tai yako nzuri. Nenda nayo. Sisi hapa tunakata za watu wetu."

Lohkamp akamwinamia sikioni. Mimi nilisikia. "Umesahau kiwanja?"

"Sijasahau!" Billa akajibu kwa sauti ileile, kila mtu asikie. "Nakikumbuka tangu kikiwa cha Julius Hirtz na Bi. Rosalie!"

Jamani. Jina lile halikuwa limetajwa hadharani pale uwanjani miaka mingi. Watu walilisema majumbani, kwa chini, au hawakulisema. Sasa lilikuwa limetoka mdomoni mwa dobi, siku ambayo neno la mwanamke ni sheria, na hakuna wa kulishtaki. Mvua ilisikika ikigonga ngoma.

Lohkamp alicheka. Ukivuliwa nguo, chutama, lakini yeye alibaki wima. "Mizaha! Mizaha ya kanivali!" Akanigeukia mimi, mkono wake unaivuta tai kutoka kwenye kizibao. "Nettchen, basi kata wewe."

Mimi nilikuwa na mkasi. Sikuwa shujaa. Nikautia mkasi kwenye mfuko wa aproni na kushika kapu kwa mikono miwili. Akateremka ngazi amefungwa koti vizuri, na watu wakampisha njia pana kuliko alivyohitaji.

Je, tulifurahi? Tulifurahi hadi Jumatano ya Majivu. Siku hiyo hiyo, tukitoka kanisani na majivu kwenye paji, tukakuta watu wa mjenzi wanapiga nguzo kiwanjani. Kufikia jioni seng'enge ilikuwa imezunguka.

Mwaka ule ulikuwa mgumu, sitaupamba. Tulitandaza kitani kwenye ukingo wa mto kikaliwa na mbuzi. Tulianika kwenye ua wa kanisa, padri mzee akaturuhusu, mpaka siku suruali za hakimu zilipopeperuka zikatua juu ya sanamu ya mtakatifu. Nguo zilirudi ng'ambo zina rangi ya maziwa yaliyolala, na wateja wakaanza kupeleka kwenye mashine. Trina alipoteza mteja wake mkubwa, hoteli moja ya ng'ambo. Alikutana na Billa dukani kwa mwuza mkate, akamwambia mbele ya watu, "Kiburi chako wewe, ninakila mimi na wanangu."

Billa hakumjibu. Billa! Alirudi nyumbani, akang'oa kamba zake zote kwenye ua, akazifunga upya na kumpelekea Trina ujumbe kwamba ua ni wake, jua lote, hata Jumapili. Nguo zake mwenyewe akawa anazikausha darini, zinanuka moshi, na wateja wake nao wakapungua. Trina aliutumia ua. Alikuja, akaanika, akaanua, hakumsalimu. Mwaka mzima aliuambia mji kwamba ingekuwa yeye juu ya roshani, angekata na kubusu na kuomba kipande kingine.

Uchaguzi Lohkamp alishindwa. Picha ya gazeti ilitoka, lakini ilikuwa ile ya kufungwa vifungo. Kesi ya Ilse mahakama ziliiburuta miaka, mahakama zetu zina miguu mizito. Nyumba aliipata mwishoni. Benki hakuipata, na mwizi akafia kitandani kwake amefunikwa vizuri. Ndivyo dunia ilivyo, sina la kuongeza.

Lakini nataka mjue Alhamisi ya mwaka uliofuata. Kwenye roshani Lohkamp hakualikwa. Akashuka barabarani mwenyewe, kati ya watu, na tai nyekundu ya bei ya chini ambayo hata kipofu angeiona. Alitembea polepole kutoka kwa mwuza mkate kuelekea mtoni, kifua nje. Wanawake walikuwa wamefurika njiani na mikasi, wamelewa, wanawakata mpaka wasafirishaji wa makaa. Wakamwona. Wakampita. Wasichana wadogo wasiokumbuka hata vita walimkimbilia, wakasimama, wakatazama mama zao, wakaondoka.

Ndipo akakutana uso kwa uso na Trina Kürten.

Trina alikuwa amekunywa, kofia imekwenda upande. Mkasi ulikuwa mkononi, wazi. Lohkamp alifurahi, nilimwona alivyofurahi, kwa sababu maneno ya Trina yalikuwa yamemfikia mwaka mzima. Akaishika tai yake mwenyewe kwa vidole viwili, akamnyooshea.

"Trina, wewe ndiye mwenye akili hapa," akasema. "Kata. Mjenzi hajajenga bado, wala hajamaliza kunilipa. Kesho asubuhi seng'enge itaondoka, neno langu."

Sisi tuliokuwa karibu tulisikia. Billa alikuwa hatua chache nyuma yangu, sahani ya supu ya njegere mkononi. Nilidhani atasema neno. Hakusema. Alikuwa amempoka Trina kiwanja mara moja, nadhani hakutaka kumpoka mara ya pili.

Trina akaitazama tai. Akaitazama muda mrefu, kama anayetafuta doa. Kisha uso wake ukaanza kuharibika.

"Bwana Lohkamp," akasema, "nikikata, nitaitundika wapi?"

"Jikoni, si ndiyo desturi?"

"Jikoni." Akapangusa kamasi kwa ncha ya aproni. "Jikoni kwangu kuna kiti cha Bi. Rosalie. Kina mto mwekundu. Nilikinunua uani kwake kwa hela ya mkate, na nimekikalia miaka yote hii kila ninapomenya viazi, na kila ninapokikalia namsikia. Na kiwanja nacho ni cha kwao. Sina nafasi ya kitu kingine cha kwake. Nipishe."

Akaufunga mkasi. Akampita kwa bega, akatembea moja kwa moja, watu wanafungua njia, mpaka mbele ya Billa. Nikaogopa watapigana. Trina alikuwa analia waziwazi, mdomo wazi kama mtoto.

"Nitaandika Argentina kuhusu kile kiti," akasema. "Ilse aje achukue. Au nikipeleke mwenyewe, nimekibeba kichwani."

Billa akampa sahani ya supu. "Kula kwanza," akasema. "Argentina ni mbali."

Wakakaa kwenye ngazi za duka, madobi wawili wa Uferbach, wanakula kwa kijiko kimoja, hawana kiwanja wala mteja wa maana, na mimi nikasimama mbele yao kuwakinga na mvua. Sijawahi kujivuna kama siku ile, si kwa harusi yangu, si kwa wanangu. Nyuma yangu Lohkamp bado alikuwa amesimama katikati ya barabara, tai imening'inia nzima.